Uliza Sista: Mtoto haumwi, pua yake mwaitakia nini?

Toleo lililopita niligusia tu, mistari miwili mitatu, kwamba kabla Kenya haijaanza kutoa chanjo ya nimonia kulikuwa na watu wanazunguka vijijini Kilifi wakichukua sampuli za pua kwa watoto na wakubwa ambao hata hawaumwi. Nikadhani nimemaliza. Kumbe nimewachokoza, manake ujumbe umemiminika, wengine wanauliza wengine wananigombeza, na mmoja ni mrefu kuliko hii safu yenyewe. Nimechagua saba nikazipunguza kidogo. Majina hatuweki, mnajua kawaida yetu.

Sista shikamoo. Mimi ni mama wa wanne niko Ganze. Mwaka 2010 kitinda mimba wangu alikuwa na mwaka na nusu hivi, wakaja watu wa utafiti na makaratasi wakasema jina la mtoto limetokea kwa kompyuta, wanataka kumtia kijiti puani. Mtoto anacheza zake hata mafua hana. Baba yake alikuwa Mombasa kazini, mama mkwe akakataa akasema hawa ndio mumiani wenyewe, mimi nikakubali tu kwa sababu yule kijana aliyekuja kwao ni hapo ng'ambo ya barabara tunamjua. Mtoto alilia, wakaandika, wakaenda zao, hata panadol hawakuacha. Mpaka leo mama mkwe aniuliza walipata nini kwa hio pua. Na mimi najiuliza, kama walikuta wadudu mbona hawakumtibu?

Marahaba mamangu, na mpe mama mkwe salamu zangu, swali lake ni zuri kuliko mengi niliyoulizwa na watu wenye digrii.

Walichokuwa wanatafuta ni bakteria anaitwa nimokokasi. Huyu ndiye mmoja wa wakubwa wa nimonia mbaya za watoto, na akipenya kwenye damu akafika kwenye ngozi ya ubongo ndio ile homa ya uti wa mgongo, mtoto anashikwa na degedege, wazee wanasema nyuni huyo amempitia. Sasa hapa ndipo watu huchanganyikiwa. Makao yake ya kila siku si mapafuni, ni huku nyuma kabisa ya pua pale inapokutana na koo, na humo anakaa kimya bila kumsumbua mwenye pua. Anakaa wiki kadhaa, saa zingine miezi, kisha mwili unamtoa, kisha anakuja mwingine wa aina nyingine, na mtoto muda wote huo anakula ugali wake na kukimbiza kuku. Kwenye hesabu za Kilifi za 2009 na 2010 karibu robo tatu ya watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa naye. Kule Gambia, nchi ndogo huko Afrika Magharibi, walipima vijiji 21 kabla chanjo haijafika kwao wakakuta wachanga wa chini ya mwaka 97 kwa kila 100 wanaye. Tisini na saba! Kwa hivo ukiniuliza walipata nini kwa pua ya mwanao nitakujibu bila hata kuona karatasi, pengine walimpata huyo, na wangempata pia kwa mtoto wa jirani na wa yule jirani mwingine.

Ndio maana hawakuacha dawa. Kubeba si kuumwa. Ukimpa mtoto mzima antibayotiki leo utamfagia nimokokasi wa leo, na baada ya muda mfupi kaka yake atamkoholea mwingine, tena safari hii huenda ni yule aliyeshazoea dawa. Halafu jambo lingine ambalo pengine hukuelezwa vizuri, na hilo mna haki kulalamika, ni kwamba ile sampuli haisomwi palepale mlangoni. Inaenda kwenye frija kali sana na inaweza kusubiri muda mrefu kabla haijafunguliwa, na hao watu hawakuwa wanamchunguza mwanao peke yake, walikuwa wanahesabu kijiji kizima.

Kuhusu mumiani, sitamcheka mama mkwe wako. Mtu akija na gari asilolijua mtu akataka kitu cha mwilini mwa mtoto, mwenye akili lazima ashtuke. Mlifanya sawa kumuangalia kwanza nani amekuja na anatoka wapi, na ulikuwa na haki ya kukataa pia bila kunyimwa matibabu hospitali.

Sista nakusoma kila mwezi lakini safari hii umeniudhi. Mimi ni mwalimu mstaafu, Malindi. Umeandika kwa furaha kwamba walihesabu wadudu puani kabla ya chanjo. Chanjo ilikuwepo duniani tayari! Watoto wa Marekani wanachanjwa, wetu wanakufa, na nyinyi mnahesabu pua. Hesabu ya nini hio?

Mwalimu, hasira yako ina msingi na sitaki kuipoza haraka haraka. Ni kweli Marekani walianza chanjo ya nimokokasi kwa watoto mwaka 2000. Kenya tulianza mapema 2011. Miaka kumi na zaidi. Lakini kilichotuchelewesha si wenye vijiti vya pua, ni bei. Ile ilikuwa chanjo ghali kupita zote alizokuwa anapewa mtoto kliniki, na mpaka nchi tajiri zilipochangishana kupitia lile shirika la Gavi ili watengenezaji wakubali kuuza kwa bei ya chini kwa nchi maskini, hakuna waziri wa afya wa huku angeweza kuinunua kwa watoto wote. Hao wahesabu pua walikuwa wanafanya kazi wakati foleni haisongi.

Na kuna kitu ambacho hio kazi ilituokoa nacho, watu wengi hawakijui. Nimokokasi si mmoja. Kila mmoja amejivika ganda la sukari, na maganda yako aina zaidi ya 90, kila aina imepewa namba, na chanjo inamfundisha mtoto kutambua ganda, si mdudu wote. Sasa ile chanjo ya kwanza ya Marekani ilikuwa na aina 7, zilizochaguliwa kwa kuangalia watoto wa kule wanaumwa na zipi. Aina namba 1 na namba 5 hazikuwemo. Huku Afrika namba 1 na namba 5 zinaua. Kwa hivo ingekuja vilevile ilivyo tungechanja watoto wetu dhidi ya wadudu wa watu wengine, sisemi ingekuwa bure, aina kadhaa tunashirikiana nao, ila pengo lingekuwa kubwa. Iliyokuja Kenya 2011 ilikuwa na aina 10, na namba 1 na 5 zimo. Tanzania walianza mwishoni mwa 2012 kuingia 2013 na ile ya aina 13. Hayo hayajulikani kwa kukaa Geneva kwenye ofisi za Shirika la Afya Duniani na kukisia, yanajulikana kwa kuotesha damu za watoto wagonjwa hapa hapa, yaani kuiweka labu uone bakteria gani anaota, na hospitali ya Kilifi tangu 1998 walikuwa wanaotesha damu ya kila mtoto anayelazwa wodini, awe na malaria asiwe nayo.

Sasa kwa nini pua za wazima? Mwalimu, ukimwaga sumu ya panya ghalani bila kujua walikuwepo wangapi, mwezi ujao ukiona wawili wanakatiza utasemaje? Sumu imefanya kazi au haikufanya? Watu watabishana mpaka mahindi yaishe. Chanjo ikishaingia huwezi tena kurudi nyuma ukapime hali ya mwanzo, dirisha limefungwa. Walioko Kilifi walikuwa na bahati ya kuwa na daftari la watu tangu 2000, wakazi zaidi ya robo milioni, nyumba kwa nyumba, nani amezaliwa nani amehama nani amefariki. Kutoka humo kompyuta inachagua majina bila kuangalia sura, ndio yale majina mama wa Ganze anayoyasema, na ni lazima iwe hivo, maanake ukichukua tu watoto walio karibu na barabara au wale mama zao wanapenda kuja kliniki utapata picha ya hao tu.

Na walichokiona ni hiki. Kabla ya chanjo, watoto wa chini ya miaka 5 waliobeba zile aina 10 zilizomo kwenye chanjo walikuwa 34 kwa 100. Chanjo ikaja, tena Kilifi walifanya kampeni maalum wakachanja hata wale wakubwa kidogo wa chini ya miaka 5, si wachanga peke yao, na hesabu za 2011 na 2012 zikatoka 13 kwa 100. Bila ile 34, hio 13 ingekuwa namba ya kuandika ubaoni tu. Wodini nako, ule ugonjwa mkali wa nimokokasi wa aina za kwenye chanjo, ile ya kuingia damuni na kwenye uti wa mgongo, ulishuka kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka 5. Kulazwa kwa nimonia ile inayoonekana kwenye eksirei kulishuka karibu nusu. Kulazwa kwa nimonia kali kwa ujumla kulishuka kama robo na kitu, manake nimonia zina wazazi wengi, na virusi chanjo hii haiwajui.

Kwa hivo ndio, nina furaha nikiandika habari za pua. Lakini ile miaka kumi ya kusubiri kwa sababu ya bei, hio naudhika nayo pamoja na wewe.

Habari sista, mi niko form four Mtwapa nachukua bayo. Naomba kujua wakishatoa hio sampuli wanajuaje ni nimokokasi na si mdudu mwingine, na hizo namba wanazipataje? Ticha wetu ametuambia tu "wanapeleka labu".

Ticha wako ana silabasi ya kumaliza, msamehe. Kijiti chenyewe ni chembamba na kinapindika, ncha yake ina kitambaa laini. Kinaingia puani sawasawa na sakafu ya pua, si kuelekea juu, mpaka kigonge ukuta wa nyuma, kinakaa sekunde chache kinazungushwa kidogo kinatoka. Machozi yanatoka, hio kawaida, hata kwa mtu mzima. Ncha inakatwa inatumbukizwa kwenye kichupa chenye mchanganyiko wa maziwa yaliyoondolewa mafuta, sukari, gliserini na chakula kingine cha bakteria. Ndio, maziwa. Yanamlinda mdudu asife akigandishwa, na kwenye baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri anaweza kukaa miaka na bado ukamuamsha.

Akiamshwa anamwagwa kwenye sahani yenye damu, na hapa ndipo mumiani wangeshangilia, damu ipo kweli, lakini ni ya kondoo au farasi. Sahani inatiwa pia dawa kidogo ya jentamaisini kuwazuia bakteria wengine wa puani wasijaze uwanja. Kesho yake unaangalia: nimokokasi anaacha kiduara cha kijani kijani kuzunguka kambi yake na katikati kambi imebonyea. Unamuwekea kikaratasi kidogo chenye dawa inaitwa optokini, wenzake wengi wanaofanana naye hawajali, yeye hakaribii. Ukishamjua ni yeye unamchanganya na seramu zenye kingamwili, moja baada ya nyingine, na ukipata inayomfaa ganda lake linaonekana kama limevimba chini ya hadubini, ndio namba yake hio. Njia hii ilielezwa na Mjerumani Neufeld mwaka 1902 na bado inatumika, seramu nyingi zinatoka Denmark. Ni kazi ya macho na subira, saa hizi kuna njia za kusoma vinasaba ambazo zinaona hata aina mbili tatu kwenye pua moja, na kwa watoto wa kijijini hilo ni la kawaida, mmoja anabeba aina zaidi ya moja kwa wakati mmoja.

Sista mimi ni mhudumu wa afya wa jamii, Kaloleni. Kwenye semina tuliambiwa chanjo inawafukuza wadudu fulani halafu nafasi yao wanaingia wengine. Sasa akina mama wakiniuliza tumepata faida gani nitajibu nini? Naogopa hata kulitaja.

Litaje. Ukificha, siku wakilisikia kwingine hawatakuamini tena hata kwa mambo mengine.

Ni kweli kabisa. Zile hesabu za Kilifi nilizompa mwalimu zina upande wa pili. Watoto waliobeba aina ambazo hazimo kwenye chanjo walikuwa kama 41 kwa 100 kabla, baada ya chanjo wakapanda kama 57. Ukijumlisha utaona pua hazikubaki tupu, wabebaji kwa jumla walikuwa karibu walewale, wapangaji tu wamebadilika. Mtu akiangalia pua peke yake atasema hakuna kilichotokea.

Lakini si kila aina ina ukali sawa. Kuna aina zinakaa puani kwa maelfu ya watoto na mara chache sana zinaingia kwenye damu, na kuna nyingine kama hio namba 1 ambayo puani huipati kirahisi, unapima watu mia hujaiona, lakini wodini kwenye damu za wagonjwa iko. Hio haikai, ikishika inashika. Kwa hivo waliotoka walikuwa wakorofi zaidi kuliko walioingia, na ndio maana Kilifi ugonjwa mkali wa nimokokasi wa aina zote pamoja, waliomo kwenye chanjo na wasiokuwemo, ulishuka kwa asilimia 68 kwa watoto wadogo. Hio ndio faida, na hio ndio ya kuwaambia akina mama: pua bado ina wageni, wodi ina watoto wachache.

Usiwaambie basi imeisha hivo daima. Uingereza walianza na ile ya aina 7 mwaka 2006, baada ya muda mfupi wakaona aina nyingine kama 19A zinapanda kwenye ugonjwa wenyewe si puani tu, mpaka 2010 wakahamia ile ya aina 13. Kwa hivo kupima pua hakukuisha siku chanjo ilipofika, na wakija tena kijijini kwako miaka hii ujue ni kwa sababu hio, wanaangalia nani ameingia.

Mimi nina miaka 70 na ushei, naishi Lunga Lunga na wajukuu watano, wanalala chumbani kwangu wawili. Kifua kinanisumbua kila msimu wa mvua. Sista hawa watoto ndio wananiletea? Na mimi chanjo sikupata.

Shikamoo bibi. Nisikufiche, wajukuu ndio wenye mzigo. Mtu mzima kwa kawaida anabeba nimokokasi mara chache kuliko mtoto kwa sababu mwili umeshakutana naye miaka mingi, na anapompata mara nyingi amempata kwa mtoto mdogo wa nyumbani, kwa kikohozi, chafya, mikono, kile kikombe cha uji mnachoshirikiana. Usiwafukuze chumbani lakini!

Habari njema ni kwamba chanjo ya wajukuu inafika kwako bila wewe kudungwa. Kilifi watu wa kuanzia miaka 5 kwenda juu, ambao wengi wao hawakuchanjwa, waliobeba zile aina za chanjo walishuka kutoka 8 kwa 100 mpaka 4. Na ugonjwa mkali wa aina hizo kwa watu wa miaka 15 na zaidi ulishuka kwa asilimia 81, hao hawakuguswa na sindano. Gambia walijaribu kitu kizuri sana: vijiji vingine walichanja kila mtu mkubwa kwa mdogo, vingine wakachanja watoto wadogo peke yao, na wakaona hata kwa wakubwa wa vile vijiji vya watoto peke yao aina za chanjo zilipungua. Mtoto akiacha kubeba, anaacha kugawa. Hata wachanga ambao hawajafika wiki 6 za sindano ya kwanza wanakingwa hivo hivo na kaka zao.

Ila bibi kifua cha kila msimu wa mvua usikisingizie nimokokasi tu. Kama mnapikia kuni ndani moshi nao unahusika, na ukikohoa zaidi ya wiki mbili nenda upimwe TB, huko Kwale zahanati nyingi zinachukua makohozi. Na kama una sukari au moyo muambie daktari, kuna chanjo za wakubwa pia ingawa si kila hospitali inazo.

Mambo sista, nakuandikia kutoka Handeni, Tanga. Mtoto wangu ana mwaka na miezi miwili, amepata PCV zote tatu, kadi ninayo. Lakini makamasi hayaishi, ya kijani kabisa. Jamaa wa duka la dawa ananiambia bakteria hao, anampa septrini, mwezi uliopita amoksilini. Chanjo imefeli?

Poa kaka. Chanjo haikufeli, haikuwa na kazi hio. PCV, ndio hio hio chanjo ya nimokokasi, haizuii makamasi, makamasi mengi ni virusi, na rangi ya kijani haikuambii ni bakteria, ni seli za kinga za mwili zikifa kazini. Mtoto wa umri huo anaweza kushikwa na mafua mara nyingi kwa mwaka na akawa mzima kabisa.

Huyo jamaa wa duka akipima pua ya mwanao kweli atakuta bakteria, nimeshasema hapo juu watoto wengi wazima wanao, kwa hivo hio si sababu ya kuuza dawa. Septrini yenyewe ilishachoka zamani kwa nimokokasi wengi wa kwetu. Na kila dozi unayompa bila sababu inawaacha puani wale sugu, siku akiugua kweli ndio hao watakaoshuka kifuani na amoksilini itakuwa imeshazoeleka. Safisha pua kwa maji ya chumvi kidogo, mpe vinywaji, mnyonyeshe kama bado ananyonya.

Kitu cha kuangalia si pua, ni kifua. Mvue shati akiwa ametulia, hesabu pumzi dakika nzima kwa saa ya simu. Mtoto wa miezi 2 mpaka hajafika mwaka, 50 au zaidi ni nyingi. Wa mwaka 1 mpaka 5, kama wako, 40 au zaidi. Mchanga wa chini ya miezi 2 ni 60. Ukiona zimefika hapo mpeleke zahanati siku hio hio, huyo ndiye anayehitaji dawa. Na ukiona kifua kinabonyea chini ya mbavu akivuta pumzi, au hanyonyi, analegea, anashikwa na degedege, hapo hakuna kesho wala duka la dawa, ni hospitali, hata kama ni usiku tafuta boda. Wenye watoto wa seli mundu nanyi msikie hapa hapa: nimokokasi anawapenda sana watoto hawa, Kilifi ndiye aliyeongoza kwenye damu zao walipougua, kwa hivo kwao homa yoyote ni safari ya hospitali na zile penisilini za kila siku hazirukwi hata kama chanjo zote zimekamilika.

Sista haraka tu, binti yangu ana miezi mitano, alizaliwa nyumbani tukahama hama, sindano ya nimonia hajapata hata moja. Ameshachelewa? Tutalipishwa?

Hajachelewa, dadangu. Ratiba ni wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ila aliyezipita anaanzia hapo alipo, nesi atampa ya kwanza na kukupangia zinazofuata, zisipungue wiki nne kati ya moja na nyingine. Atapata na zile zingine alizokosa siku hio hio, paja hili na paja lile, usiogope wingi wake. Kwenye kliniki za serikali chanjo hizi ni bure, Kenya na Tanzania pia. Kama huna kitabu cha kliniki nenda hivo hivo watakufungulia, na ukihama tena hicho kitabu ndio cha kwanza kuingia kwenye begi.